Anayemimina Maji ya Moto

Bardstown, Kentucky
12 Agosti 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa lile koti zito, maana naujua upepo wa Izia mwezi wa Agosti. Mimi mwili ni mzima, moyo unajikongoja.

Jirani yetu Fortunata ameniambia kwamba tangu arobaini ya mama ipite hutoki nyumbani. Anasema unakaa barazani na redio, taarifa ya habari ikiisha unazima na kuendelea kukaa. Kwa hiyo nimempa kazi: barua zangu atazichapa pale dukani kwake akuletee, na zako atazipiga picha anitumie. Kwenye simu yako ya kitochi tunaishia kuulizana hali tu, salio linakwisha.

Sasa na wewe nakupa kazi. Unajua mimi huku kazi yangu ni kunusa na kuonja. Kila asubuhi napanga glasi ndogo mezani, naonja wiski, natema, naandika. Wiski yenyewe inatokana na mahindi, baba, mahindi kama ya shambani kwetu, halafu inalazwa miaka na miaka kwenye mapipa ya mbao ya mwaloni. Wenyewe wanaiita bourbon. Nataka uwe mwonjaji wangu wa Sumbawanga. Toka nje, onja pombe, niandikie. Ya chupa, ya chungu, yoyote ile. Usiniambie ni nzuri au ni mbaya, niambie inafanana na nini. Onja kidogo tu kila mahali, usije ukasema binti yako amekutuma kulewa.

Msalimie mjomba Timoth, msalimie shangazi Coleta na katekista Abel. Yule mbuzi mkorofi wa mjomba naye msalimie.

Mwanao,
Angela


Izia, Sumbawanga
24 Septemba 2023

Mwanangu Angela,

Marahaba. Barua imefika na imenikuta nimevaa koti. Huku hatujambo. Ni vumbi na moshi tu, watu wanachoma mashamba na kuitazama mbingu.

Kazi yako nimeifanya kama mwalimu mstaafu anavyofanya kazi, yaani kwa kulalamika kwanza. Nilianza na bia za chupa pale baa ya karibu na stendi. Ya kwanza ilifanana na sarafu iliyokaa sana mfukoni. Ya pili ilikuwa ya baridi, na zaidi ya baridi sikuona kitu. Kumpa mtu bia ya baridi Sumbawanga ni kumtakia homa. Nikaomba ya moto, isiyotoka kwenye friji, nayo ikafanana na mkate uliosahauliwa ndani ya maji.

Kisha nikaenda kilabuni kwenye kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Ulezi wa mwaka huu umekomaa vizuri na kimea kimeota sawasawa, hilo nakiri. Chungu kiliwekwa katikati, tukagawana mirija, tukaanza kuvuta. Lakini Angela, kule kila mtu anajimiminia maji ya moto mwenyewe, birika linapita mkono hadi mkono kama kapu la sadaka. Unakumbuka kwetu ilivyokuwa. Chungu cha nyumbani kina mtu wake. Mama yako alikaa kwenye kigoda upande wangu wa kushoto, birika miguuni, naye alijua chungu kinataka maji kabla mtu yeyote hajaanza kuvuta hewa. Kwetu anayemimina ndiye mwenye nyumba, na yeye akiwepo hakuna shangazi wala dada anayeligusa birika lile. Tangu aondoke hakujapikwa pombe hapa, na kigoda nimekiegemeza ukutani.

Kwa hiyo kimpumu cha kilabuni kilifanana na nyumba ya watu waliohama. Ndiyo taarifa yangu.

Wakati narudi moshi ulikuwa umelala barabarani, na mbele yangu nikamwona mtu anatembea kama mama yako Monika, mkono mmoja kiunoni kwa nyuma. Nikaongeza mwendo. Alipofika njia panda akakata kushoto. Sikumfuata, niliogopa nisije nikakuta ni mtu mwingine.

Baba yako,
Kasimiri


Bardstown, Kentucky
19 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Je, vumbi limetulia? Mvua zimeanza? Taarifa yako nimeisoma nikiwa nimejificha ghalani, nikacheka, kisha nikafika pale kwenye njia panda nikaikunja na kuitia mfukoni. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kuuma na miti yote imebaki vijiti.

Ngoja nikueleze hilo ghala. Ni jengo refu la mbao lenye madirisha madogo, na ndani mapipa yamelala mpaka darini. Taa ni chache. Ukiingia unakutana na harufu kabla macho hayajazoea giza: asali iliyoungua, ubao mbichi, ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mle huwezi kutembea haraka, mwili wenyewe unakataa. Kuna siku nasimama kati ya mapipa nikiwa macho kabisa na naona kama nimelala, na kama naota, na ndoto yenyewe ni harufu tu.

Wiski ikilala pipani hupungua mwaka hadi mwaka. Inapenya kwenye mbao na kupotelea hewani. Watu wa huku wanasema hilo ni fungu la malaika. Mimi tangu Juni naliita fungu la mama. Nikiwa mle peke yangu huwa nazungumza naye Kifipa kidogo.

Na mimi nikupe habari za bia za huku. Vijana wanapenda bia chungu. Moja niliyoonja ilifanana na majani ya mparachichi yaliyotafunwa na mtu mwenye hasira. Nyingine wametia maboga. Maboga, baba. Shangazi Coleta akisikia atasema dunia imekwisha.

Zenon, mtoto wa yule mwalimu mwenzako wa Matai, anakuja nyumbani Krismasi. Nimempa chupa moja ya bourbon, nimeichagua mwenyewe pipani. Usiifungue. Iweke kabatini mpaka misa ya kumbukumbu ya mama mwezi wa sita, mkusanyike wazee mwonje kwa niaba yangu. Mazishi niliyakosa kwa sababu ya karatasi za ukaazi, nazo bado hazijatoka, nikiondoka sirudi. Chupa itakaa mahali pangu.

Wasalimie wote kwa majina yao, na mbuzi.

Mwanao,
Angela


Izia, Sumbawanga
11 Februari 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba. Mvua imetushika mpaka barabara ya kwetu imekuwa mto, lakini mahindi yanacheka. Januari kifua kilinibana, sasa kimeachia. Zenon alifika, chupa iko kabatini nyuma ya sahani za harusi. Rangi yake ni ya chai ya rangi. Mahindi yetu huku tunayalinda na fukusi mpaka tunachoka, kumbe wenzetu wanayalaza pipani na kuyaamsha yakiwa wiski. Sijaamua kama huo ni ujanja au ni kuchezea chakula.

Habari ya malaika nilimpelekea katekista Abel. Amesema malaika hawana mwili, hivyo hawanywi. Nikamwambia harufu nayo haina mwili. Amesema atafikiri.

Sasa taarifa. Kuna mama amehamia karibu na mashine ya kusaga, jina lake Hellena, binti wa Ngeleja, Msukuma. Ukoo wao ulikuja na ng'ombe zamani ukakaa bondeni Mtowisa. Mume alifariki, ng'ombe akamwachia mwanawe Shigela, yeye akapanda huku juu kwa sababu, anasema, alichoka kutoka jasho. Anapika kimpumu kila Jumamosi. Sisi wazee tulikwenda kucheka. Msukuma na kimpumu wapi na wapi.

Angela, nilivuta mara moja nikanyamaza. Kilifanana na jiko la asubuhi wakati mtu mwingine ametangulia kuamka. Kina moshi kidogo, kina uchachu unaokuja mwishoni na kuondoka kabla hujaudaka. Anachanganya mtama kidogo kwenye kimea cha ulezi, wala hafichi. Kimea chenyewe anakiotesha juu ya majani ya mgomba, anakifunika blanketi, na anakiamkia kukipima joto kwa kiganja kama mtoto mwenye homa. Anazungumza taratibu. Akicheka hufunika mdomo kwa pindo la kanga. Maji ya moto hamimini, anakuachia birika. Nilimuuliza sababu, akasema pale ni biashara, si nyumbani.

Nimekuwa napeleka barua zako kule na kuwasomea wenzangu, wanazipenda, hasa ile ya maboga. Jumamosi iliyofuata nilirudi kuhakikisha ladha, kwa kuwa mwonjaji haamini mara moja. Na iliyofuata pia.

Baba yako,
Kasimiri


Bardstown, Kentucky
30 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Usinidanganye, nitamuuliza Fortunata. Mimi sijambo, theluji imeyeyuka na farasi wamerudi malishoni.

Nina swali la kitaalamu. Bia za chupa uliziandikia mistari michache, tena kwa dharau. Pombe ya huyo mama umeiandikia ukurasa, na ndani yake kuna kanga, kicheko, blanketi na kiganja. Dalili ya mvua ni mawingu, baba.

Nakutania tu. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha nikiwa bado nimeshika karatasi. Sijui kwa nini nakwambia.

Juzi nilimwota mama. Alikuwa ghalani kwetu, amekaa juu ya pipa kule darini, miguu inaning'inia kama ya msichana. Niliamka na furaha, nikaenda kazini nayo, ikadumu mpaka mchana.

Msisahau chupa. Na kaburi mlisafishe vizuri, mnipigie picha ya msalaba. Msalimie mjomba, shangazi, katekista, Zenon akiwa bado yupo, Fortunata na mumewe, na yule mbuzi kama hajaliwa Pasaka.

Mwanao,
Angela


Izia, Sumbawanga
9 Juni 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, ingawa kwa siku kadhaa vichwa vyetu vilikuwa na maoni tofauti.

Misa ilikwenda vizuri. Kaburi tulilisafisha, picha Fortunata ameituma. Baadaye wazee tukakaa sebuleni, nikatoa chupa yako. Sasa fikiria, chupa moja, wazee wengi, na baridi ya Juni inaingia mpaka kwenye mifupa. Mjomba wako Timoth akasema neno lililoonekana la busara, kwamba kinywaji cha kumbukumbu hakinywewi kila mtu na glasi yake kama watu wasiojuana. Tukaleta chungu kidogo, tukamimina chupa yote, tukajaza maji ya moto, tukachomeka mirija.

Hukutuambia, Angela. Kimpumu unavuta mchana kutwa na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Hiyo ya kwenu, kwa moto ule na mrija ule, ilipanda kichwani bila hata kupiga hodi. Maoni yangu kama mwonjaji: ilifanana na kabati jipya linaloungua polepole ndani ya kifua cha mtu. Haikuwa mbaya. Mjomba wako akaanza kuimba nyimbo za Pasaka. Katekista Abel akatangaza kwamba sasa ameielewa habari ya malaika. Mimi nilisinzia palepale kitini.

Nikamwona mama yako. Alisimama mlangoni anakausha mikono kwa kitenge, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Hakuwa na hasira wala hakutabasamu. Aliangalia chungu, akaniuliza, "Nani anamimina?" Basi, nikafumbua macho.

Hellena alikuwepo. Alikuja na wanawake wa jumuiya kusaidia kupika, na wakati huo alikuwa anapita na sahani. Sijui nilikuwa upande gani wa usingizi. Nikasema mbele ya watu wote, "Hellena, shika birika. Kaa kwenye kigoda."

Pasaka ilimkauka mjomba wako mdomoni. Hellena aliweka sahani chini polepole, akasema, "Mzee Kasimiri, nyumba hii ina mtoto. Mtoto hajasema." Akachukua kanga yake, akaondoka.

Nisijitetee kwa pombe. Pombe ilinifungua mdomo, lakini maneno haikuyatunga yenyewe, maneno yalikuwemo. Nampenda, Angela. Nilikuwa sijajiambia hata mimi mwenyewe. Timoth amesema ukoo wa mama yako hauna kinyongo, mwaka umepita na mambo yote yamefanywa kwa utaratibu, ila wewe ni mtoto pekee na neno ni lako. Nami naona hivyohivyo. Ukikubali, atakuja kwa heshima zote na kwa kanisa. Ukikataa, kigoda kitabaki ukutani.

Baba yako,
Kasimiri


Bardstown, Kentucky
20 Juni 2024

Baba,

Mimi ni mzima.

Mama aliuliza nani anamimina kwa sababu aliona kuna mtu anataka kuwekwa mahali pake. Mimi ndivyo ninavyosikia swali lake.

Wewe ulimzika. Ulishika udongo, ulisikia majembe. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kazini, nikarudi mezani nikaendelea kuonja kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kwangu mama hajazikwa. Yuko jikoni anapuliza moto, na nikifumba macho mle ghalani naingia kwa mlango wa nyuma na namkuta. Sasa unaniomba nikifumba macho nimkute mtu mwingine. Siwezi, baba. Neno langu ni hapana.

Usiniandikie tena habari za pombe.

Angela


Izia, Sumbawanga
4 Agosti 2024

Mwanangu Angela,

Nimepokea neno lako. Niliomba mwenyewe, siwezi kulikataa kwa kuwa halikunipendeza.

Nilimwambia Hellena. Aliniuliza tu kama nimekula. Wiki hiyohiyo akafunga mizigo, akateremka Mtowisa kwa mwanawe. Pale alipokuwa anakaa amepanga kijana wa bodaboda, naye anapiga muziki tangu asubuhi.

Sikulaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wa kwako nilidhani ni mwepesi kwa sababu sikukuona ukiubeba. Kula vizuri. Vaa viatu vizuri.

Baba yako,
Kasimiri


Izia, Sumbawanga
15 Desemba 2024

Mwanangu Angela,

Marahaba. Najua hujanisalimu tangu mwezi wa sita, naitikia kwa mazoea.

Mvua za kwanza zimenyesha. Nimepanda mahindi kidogo, ulezi mwaka huu sitalima. Krismasi nitakula kwa Timoth. Habari za pombe sina. Ulinikataza, na hata usingenikataza nisingekuwa nazo. Nikipita kilabuni naona watu wameinamia chungu, naendelea na safari yangu. Usiku nalala vizuri. Mchana pia nalala.

Noeli njema.

Baba yako,
Kasimiri


Bardstown, Kentucky
2 Februari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo na ya miezi yote niliyonyamaza, naomba uziitikie zote. Hali yako? Usinijibu kwamba hujambo. Niambie kweli.

Barua yako ya Krismasi iliniogopesha. Mchana pia nalala. Wewe, uliyekuwa unatuamsha Jumapili alasiri kwa kugonga sufuria. Nimeibeba sentensi hiyo wiki nyingi.

Nikueleze jambo. Kwa utaratibu wa huku, bourbon inalazwa kwenye pipa jipya tu. Ikishatolewa, pipa hilo haliwekwi bourbon tena. Mengi yanakwenda kwa wapika bia. Niliionja bia ya namna hiyo mwezi uliopita, nikanyamaza kama wewe ulivyonyamaza kwa yule mama. Ilikuwa bia kamili, wala haikujifanya wiski. Lakini bourbon iliyotangulia ilikuwemo mle ndani, imetulia, hakuna aliyeifukuza.

Mapipa mengine hayapati pa kwenda, yanabaki uani. Nilipita hapo siku moja ya theluji, nikaweka mkono juu ya moja, mbao zikacheza. Pipa likikaa tupu muda mrefu linakauka, mbao zinaachana, pete za chuma zinateremka zenyewe, na siku moja unakuta rundo la mbao chini. Nilisimama pale nikakuona wewe barazani, redio imezimwa. Nikalia mpaka mwenzangu wa kazi akaja kuniuliza kama nimeumia.

Swali la mama nimelala nalo na kuamka nalo. Mama lini aliwahi kuuliza habari za mahali pake? Akiingia ndani alitazama kwanza nani hajala, nani anasikia baridi. Siku hizi nasikia sauti yake namna nyingine. Nadhani alitaka kujua kama una mtu.

Bado naumia, sitakuficha. Lakini neno langu nimeligeuza. Teremka Mtowisa, mwambie huyo mama kwamba ruhusa yangu anayo.

Wasalimie mjomba na shangazi, na wengine wote wa Izia.

Mwanao,
Angela


Izia, Sumbawanga
16 Machi 2025

Mwanangu Angela,

Marahaba, marahaba, na marahaba za akiba. Mimi si pipa, na pete zangu bado zinashika. Lakini nilipofika hapo kwenye barua yako nilitafuta mahali pa kukaa.

Nilisubiri mvua ipungue, nikapanda gari la kuteremka bondeni. Barabara ile inamfanya mtu atubu hata dhambi za jirani. Ukianza kushuka unavua koti, katikati unavua sweta, ukifika chini unatamani kuvua ngozi. Bonde lote lilikuwa mpunga, kijani mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wanaelea ndani ya joto linalotetemeka. Nikadhani nimesinzia garini na ninaota. Kama ni ndoto, niliomba isiishe kabla sijafika.

Hellena nilimkuta uani kwa Shigela anapepeta mchele. Alinipa maji, akaniwekea kiti kivulini, akauliza habari za kifua changu. Nikamsomea barua yako yote, sikutaka kuchagua. Mahali pa mapipa alifuta macho kwa pindo la kanga. Nilipofika kwenye ruhusa, ungo ukasimama.

"Mzee, ruhusa hutolewa ofisini," akasema. "Mimi sikuomba ruhusa. Barua za mtoto huyu ulikuwa unazisoma kwangu Jumamosi. Amemsalimu mjomba wake, amemsalimu shangazi, amemsalimu hata mbuzi. Mimi sijasikia jina langu. Nataka kusalimiwa."

Akaendelea kupepeta. Sikumbembeleza, kwa sababu ana haki, na kwa sababu nilikuwa nasoma barua zile kila wiki nisilione hilo. Shigela alinipa pa kulala, kulipokucha nikapanda kurudi kwenye baridi yangu.

Sasa sina la kukufundisha. Kulazimisha salamu ya mtu ni sawa na kuvuta mrija uliozibwa. Nitakaa nisubiri, na ukishindwa utabaki kuwa mwanangu vilevile. Nimemwambia Fortunata kwamba barua yako ikija, kama itakuja, aichape nakala mbili.

Baba yako,
Kasimiri


Bardstown, Kentucky
6 Aprili 2025

Mama Hellena,

Shikamoo.

Naanza na wewe, baba atasubiri zamu yake. Habari za Mtowisa? Joto limepungua? Mpunga umeiva? Shigela hajambo, na ng'ombe wake hawajambo? Mgongo haukuumi baada ya kupepeta? Mimi ni Angela, mtoto wa Monika na Kasimiri. Ni mzima, ila nimechelewa kubisha hodi.

Leo asubuhi niliingia ghalani kufanya mazoezi ya kukusalimu, kwa kuwa tangu Monika aondoke kinywa changu hakijamwita mtu aliye hai jina la mama. Nikasimama kati ya mapipa, nikafumba macho, nikaingia kwa mlango wa nyuma wa kwetu kama kawaida yangu. Nikasema kwa sauti, "Mama, shikamoo." Nilijua atageuka mmoja. Mkageuka wawili. Na yule wa kwanza hakukasirika, mama, alikusogelea akakuonyesha kuni zilipo.

Karatasi zangu zimetoka. Mwezi wa sita nakuja nyumbani, nitafika nimechoka na baridi imenipiga. Ningependa nikukute umekaa mahali pako. Wasukuma wanawasalimiaje mama zao? Uniandikie kabla sijasafiri, nisije nikakosea mlangoni.

Baba, shikamoo na wewe. Nakala ya mama mpelekee mwenyewe, usimtume mtu.

Mwanenu,
Angela